Texas Inakupa Nyumba, Massachusetts Inakupa Miaka

Bili ilikuwa mlangoni mwa friji, imeshikwa na sumaku yenye umbo la nanasi, katikati ya ratiba ya mpira ya mtoto wa pili na picha ya bibi yetu. Nilikuwa nimefuata maji ya kunywa tu. Dada yangu aliona macho yangu yalikotua, akasema, "Hiyo ni ya kifua cha shemeji yako," akaendelea kukaanga vitunguu.

Nyumba yenyewe ni nzuri. Vyumba vinne, gereji ya magari mawili, na nyuma kuna uwanja wenye mti mkubwa wa mpekani, nje kidogo ya Dallas. Waliinunua mwaka 2019, muda mfupi baada ya kuhama California. Kule waliishi Oakland, watu watano kwenye vyumba viwili, na pango likimeza zaidi ya nusu ya walichopata wote wawili. Nilipowatembelea huko, binti yao mkubwa alikuwa akifanyia kazi za shule ndani ya beseni la bafu lisilo na maji, mlango ameufunga, mto nyuma ya mgongo, kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa na ukimya. Texas ilimpa binti huyo chumba chenye dirisha na meza.

Kisha gari la kazi la shemeji likafa injini. Yeye hujiajiri, husafirisha mizigo midogo midogo, kwa hiyo gari likisimama na kipato kinasimama. Ukabaki mshahara wa dada, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na bima ya mumewe ikawa kitu cha kwanza kukatwa. Miezi mitatu baadaye kifua kikambana usiku wa manane. Alikataa kuitiwa gari la wagonjwa. Alikaa kwenye kochi hadi kukapambazuka, beseni miguuni, akipiga hesabu ya gharama, dada amepiga magoti mbele yake akimsihi. Alipona, Mungu mkubwa, na wanaendelea kulipa.

Kipato kile kile, familia ile ile, wangekuwa bado Oakland, shemeji angejiandikisha Medi-Cal, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ndani ya mwezi ule ule gari lilipoharibika. Akiwa Texas, hana haki hiyo. Mshahara wa mkewe, ambao hautoshi kulea watu watano, kwa sheria za Texas unamfanya yeye kuwa tajiri mno.

Nimeanza na jiko hilo kwa sababu ubishi wote kuhusu majimbo ya kihafidhina na majimbo ya kiliberali ya Marekani umo humo ndani. Kuna nyumba ambayo California iliwanyima, na kuna bili ambayo California isingewaletea. Anayetetea Texas hukuonyesha vyumba vinne na kusimama mbele ya friji ili usiione bili. Anayetetea California hukuonyesha kadi ya bima na hakupeleki kumwona mtoto anayesomea bafuni.

Kwa msomaji asiyeishi huko: majimbo yanayochagua chama cha Republican huitwa mekundu, na yanayochagua Democratic huitwa ya bluu, rangi zilizozoeleka tangu uchaguzi wa mwaka 2000. Serikali ya Washington ina nguvu zake, lakini mambo mengi yanayogusa mwili na mfuko wa mtu wa kawaida huamuliwa na jimbo: kima cha chini cha mshahara kikizidi kile cha taifa, nani apate Medicaid (bima ile ya wenye kipato kidogo, ambayo California huiita Medi-Cal), kodi ya sigara, sheria za bunduki, nani ajenge nini na wapi, shule zipate kiasi gani. Ndiyo maana ndugu zetu huulizana kila siku kwenye makundi yao ya WhatsApp, wahamie wapi. Na wako wasioulizwa. Familia nyingi za Wakongo zilizokaa miaka kwenye kambi ya Nyarugusu, Kigoma, zimepelekwa Kentucky, nyingine Texas, nyingine Iowa au Arizona, kwa uamuzi wa mashirika yanayowapokea wakimbizi. Majirani wawili wa hema kwa hema walishuka viwanja viwili tofauti vya ndege, na kuanzia siku hiyo kila mmoja akaishi chini ya sheria zake.

Tuziangalie takwimu kwanza, maana hapo majimbo ya bluu yanaonekana kushinda bila jasho. Mwaka 2022 kaya ya katikati Massachusetts ilipata dola 94,500 hivi kwa mwaka, New Jersey zaidi ya 96,000. Mississippi ilikuwa 52,700. Umri wa kuishi ndiyo unaotisha zaidi: mwaka 2021, mwaka mbaya wa Covid, mtoto aliyezaliwa Hawaii alitarajiwa kuishi karibu miaka 80, Massachusetts miaka 79 na nusu, na Mississippi miaka 71 kasoro. Miaka tisa ndani ya nchi moja, yenye pasipoti moja na sarafu moja.

Mhafidhina makini atakuambia dola ya Mississippi ni nene kuliko dola ya Boston, jiji kuu la Massachusetts, na ana haki. Bei za vitu Mississippi ziko chini ya wastani wa nchi kwa zaidi ya asilimia 10, na California ziko juu kwa zaidi ya asilimia 10. Ukisawazisha bei, pengo la kipato linapungua sana. Halifi, kati ya Mississippi na Massachusetts, kwa hesabu yangu ya juu juu, bado zinabaki dola zaidi ya 20,000 kwa kaya kwa mwaka. Lakini ukilinganisha California na Texas, majimbo mawili makubwa kuliko yote kwa watu, sehemu kubwa ya tofauti iliyokuwa pana inayeyuka. Uchumi wa California una thamani ya dola trilioni 4 hivi, unashindana na Japani nzima. Dada yangu aliishi katikati ya uchumi huo na hakuwa na mahali pa kuweka meza.

Umri, hata hivyo, hausawazishwi na bei. Hakuna punguzo la gharama linalorudisha miaka tisa.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa Connecticut na Oklahoma. Mwaka 1959 watu wa majimbo hayo mawili walikuwa na umri wa kuishi ule ule, miaka 71.1. Kufikia mwaka 2017 Connecticut ilikuwa imefika 80.7, na Oklahoma 75.8. Walianzia mstari mmoja, hospitali za nchi moja, dawa zile zile zikivumbuliwa, na katikati ya safari mmoja akabaki nyuma kwa miaka mitano. Watafiti wa afya ya jamii waliofuatilia jambo hili wanaonyesha kwamba kutoka miaka ya 1980, Washington ilipoanza kuyaachia majimbo madaraka zaidi, sheria za majimbo zilianza kuachana njia, na vifo vikafuata njia hizo hizo.

Chukua sigara. Pakiti moja New York hutozwa kodi ya jimbo ya dola 5.35. Missouri ni senti 17. Hakuna kijana wa Missouri aliyeamua kwamba mapafu yake ni ya bei rahisi. Bunge la jimbo lake ndilo lililopanga bei. Chukua bunduki: mwaka 2022 kiwango cha vifo vya risasi Mississippi kilikuwa takriban mara nane ya kile cha Massachusetts, na sehemu kubwa ya vifo vya risasi Marekani ni watu wanaojiua wenyewe, jambo ambalo wanaozungumzia usalama wa mijini huwa hawaligusi. Chukua mshahara. Kima cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu Julai 2009. Texas, Mississippi na Alabama wamekaa hapo hapo. Mwaka 2025 Washington, jimbo la magharibi, kilikuwa dola 16.66.

Kuna tukio moja la Alabama ambalo nataka msomaji alishike. Mwaka 2016 jiji la Birmingham, lenye wakazi wengi Weusi, lilipandisha kima chake hadi dola 10.10. Bunge la jimbo, ambalo kila siku huhubiri kwamba serikali iliyo karibu na watu ndiyo bora, likapitisha haraka sheria ya kuyazuia majiji kufanya hivyo, na nyongeza ikafutwa. Sisemi wahafidhina wote ni wanafiki. Nasema hoja ya "waache watu wa mahali waamue" iliwekwa kabatini siku watu wa mahali walipoamua kulipwa zaidi.

Nirudi kwenye Medicaid, maana hapo ndipo pengo limechongwa kwa sheria waziwazi. Sheria ya bima ya mwaka 2010, inayoitwa Obamacare, ilitaka kila jimbo liwaingize watu wazima wote wenye kipato cha chini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi ikasema jimbo lina hiari. Serikali ya Washington inalipa asilimia 90 ya gharama za walioongezwa, na hata hivyo majimbo 10 bado hayajakubali, Texas na Florida zikiwa kubwa zaidi. Matokeo yake ni jambo ambalo nikilieleza nyumbani watu hudhani nimekosea kutafsiri. Msaada wa serikali wa kununua bima sokoni huanzia kwenye mstari wa umaskini kwenda juu, kwa sababu walioandika sheria walijua walio chini ya mstari watakuwa na Medicaid. Jimbo likikataa kuipanua, mtu mzima aliye chini ya mstari mara nyingi hapati Medicaid na hapati msaada. Anaambiwa wewe ni maskini mno kusaidiwa. Texas ina watu wengi waliokwama hapo kuliko jimbo lingine lolote. Mtu mzima asiye na watoto na asiye na ulemavu hapati kabisa, hata akiwa hana senti. Mwenye watoto wawili akipata dola 500 kwa mwezi, amepitiliza.

Mwaka 2023 Texas ilikuwa na asilimia 16 ya watu wasio na bima, kiwango cha juu kuliko majimbo yote. Massachusetts ilikuwa na chini ya asilimia 3. Na Massachusetts ilianza kazi hiyo mwaka 2006, kwa sheria iliyosainiwa na Gavana Mitt Romney wa chama cha Republican. Kentucky, jimbo ambalo katika chaguzi za rais ni jekundu la kuiva, gavana wake alikubali kupanua Medicaid kuanzia Januari 2014, na wasio na bima wakashuka kutoka asilimia 14 hivi mwaka 2013 hadi 5 hivi mwaka 2016. Mkongo wa Nyarugusu aliyeteremshwa Louisville miaka ile aliikuta kadi inamsubiri. Mwenzake aliyeteremshwa Houston, akishamaliza miezi michache ya msaada wa wakimbizi, alikuwa peke yake.

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu hoja hii ikiachiwa inakimbia na kuingia shimoni. Ukisema Mississippi ni maskini kwa kuwa inatawaliwa na Republican, historia inakukatalia. Mississippi ilitawaliwa na Democratic kwa zaidi ya karne. Gavana wa kwanza wa Republican tangu zama zilizofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe alichaguliwa mwaka 1991. West Virginia ilikuwa na bunge la Democratic hadi uchaguzi wa 2014. Umaskini wa Kusini ni mkongwe kuliko rangi hizi: ulipandwa na mashamba ya pamba na utumwa, ukapaliliwa na sheria za ubaguzi, ukawafukuza Weusi milioni 6 hivi kwenda kaskazini na magharibi kati ya 1910 na 1970. New Mexico ni ya bluu na ni miongoni mwa majimbo yenye umaskini mkubwa kabisa. Utah ni nyekundu, na watu wake wanaishi muda mrefu, wana kipato kizuri, na pengo la matajiri na maskini ni dogo kuliko kwingine kote nchini; Wamormoni, dhehebu kubwa kuliko yote huko, hawavuti sigara, hawanywi pombe, na kanisa lao lina maghala ya chakula na mfumo wa kusaidiana ambao serikali nyingi zingeutamani.

Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali la majimbo 50 lililopakwa rangi mbili, muulize mahali palianzia wapi, na sheria ipi ilibadilika lini. Ndiyo maana naiamini zaidi hadithi ya Connecticut na Oklahoma, iliyopimwa kwa muda, kuliko picha ya mwaka mmoja. Na ndiyo maana naipenda Kansas, kwa maana ya mwalimu anayependa somo lililofanyika mbele ya macho ya wanafunzi.

Mei 2012 Gavana Sam Brownback wa Kansas alisaini punguzo kubwa la kodi ya mapato, na wenye biashara ndogo na kampuni za ubia wakaondolewa kabisa kodi ya jimbo kwenye faida zao. Mwenyewe aliliita jaribio hai. Aliahidi litakuwa kama dawa ya kuustua moyo wa uchumi. Fedha zikaporomoka, ajira hazikuja kwa kasi iliyoahidiwa, akiba ikaisha, fedha za barabara zikachotwa kuziba mashimo ya bajeti, na mwaka 2015 baadhi ya wilaya za shule zikafunga muhula mapema kwa kukosa fedha. Juni 2017 bunge, lililojaa wabunge wa chama chake mwenyewe, lilimpiga kumbo gavana: alikataa kusaini kurudisha kodi, wakapitisha kwa theluthi mbili juu ya kura yake ya turufu. Wahafidhina wa Kansas waliangalia matokeo na wakabadili msimamo. Ningependa kuona ujasiri huo kwa waliberali wa California kuhusu nyumba.

Maana huko ndiko kuna dhambi ya majimbo ya bluu, na ni kubwa. California ina asilimia 12 hivi ya watu wa Marekani. Mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya robo ya wasio na makazi wa nchi nzima: watu 181,000 kati ya 653,000 waliohesabiwa usiku mmoja wa Januari. Ukitumia kipimo cha umaskini kinachohesabu gharama za nyumba, jimbo hili lenye kampuni tajiri kuliko zote duniani linapanda hadi karibu na kilele cha orodha ya majimbo maskini, likigusana mabega na Louisiana.

Hili halikuletwa na hali ya hewa wala na wahamiaji. Lilijengwa, au tuseme, lilizuiwa kujengwa. Mwaka 1970 jimbo lilipitisha sheria ya mazingira, iliyosainiwa na Gavana Ronald Reagan, ambayo kwa miaka ilimpa karibu mtu yeyote mwenye wakili uwezo wa kuusimamisha mradi wa nyumba mahakamani. Mwaka 1978 wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 13: kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Mzee aliyenunua miaka ya 1970 analipa kodi inayotokana na thamani ya miaka ya 1970, na kijana aliyenunua jana nyumba inayofanana nayo ukuta kwa ukuta analipa mara nyingi zaidi. Mwenye nyumba hana sababu ya kuuza, na jiji halina hamu ya kuruhusu nyumba mpya zinazoleta watoto wa shule kuliko kodi. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya ardhi ya mitaa ya makazi ilitengwa kwa nyumba ya familia moja moja; ghorofa la watu kumi na mbili likawa kosa kisheria.

Wanaopinga ghorofa hilo kwenye mikutano ya mtaa ni watu wanaopigia kura vyama vya wanyonge. Wana mabango ya kumkaribisha mkimbizi kwenye bustani zao. Naamini kabisa kwamba wanamaanisha wanachokiandika kwenye mabango. Lakini mkimbizi anahitaji mlango, na wao ndio wenye kura ya kuufungua. Mimi namlaumu mliberali wa Oakland kwa hili kuliko ninavyomlaumu mhafidhina wa Dallas kwa sababu huyu wa Dallas hajawahi kudai kwamba anamtetea dada yangu.

Watu wameonyesha kwa miguu. Baada ya sensa ya 2020, California ilipoteza kiti katika bunge la Washington, ambako viti hugawanywa kwa idadi ya watu, kwa mara ya kwanza katika historia yake. New York ilipoteza kimoja pia. Texas iliongeza viwili, Florida kimoja. Miaka ya karibuni Texas imekuwa ikitoa vibali vya nyumba karibu mara mbili ya California, ingawa ina watu wachache kuliko California. Austin, mji uliofurika wahamiaji na pango likapaa, ulijenga maghorofa mengi hadi pango likashuka vibaya kutoka kilele cha 2022. Houston haina sheria ya kugawa mitaa kwa matumizi kama miji mingine, na tangu mwaka 2011 imepunguza wasio na makazi kwa zaidi ya asilimia 60, kwa kuwapa watu nyumba kwanza na kuwauliza maswali baadaye. Mliberali anayetaka kujifunza namna ya kumwondoa mtu kwenye hema la barabarani aende Texas. Ni maneno magumu kuandika kwa mtu mwenye msimamo kama wangu, lakini nimezitembea barabara za Oakland na za Houston.

Tahadhari moja kwa wanaofungasha mizigo. Texas haina kodi ya mapato, na hilo ndilo huandikwa kwa herufi kubwa. Serikali lakini haiendeshwi kwa hewa. Kodi ya mauzo inafika asilimia 8.25 kwenye miji mingi, na mwenye kipato kidogo, ambaye hutumia karibu kila anachopata, ndiye huibeba zaidi kwa uwiano. Kodi ya majengo ni miongoni mwa za juu nchini. Nyumba ya dada imepanda thamani tangu wainunue, naye alifurahi, hadi barua ya kodi ilipofuata. Malipo yake ya mwezi yamepandishwa kwa awamu tatu bila riba ya mkopo kuguswa. Kwa tajiri, Texas ni nafuu sana kuliko California. Kwa mhudumu wa wazee, akijumlisha kodi zote za jimbo na za mitaa, unafuu huo mara nyingi haupo. Kilicho nafuu kwake ni nyumba.

Nataka pia niseme neno jema la Mississippi, kwa sababu halisemwi vya kutosha. Mwaka 2013 jimbo lilipitisha sheria ya kusoma: mtoto asiyeweza kusoma hapandi darasa la nne, na ili asifike huko, walimu wa madarasa ya chini walifundishwa upya kufundisha kwa sauti za herufi, na wakufunzi wakapelekwa kwenye shule dhaifu. Mwaka huo Mississippi ilikuwa ya 49 kwa kusoma darasa la nne. Mwaka 2024 ilikuwa ndani ya kumi bora. Jimbo maskini kuliko yote, lenye watoto wengi Weusi na wa familia zisizo na kitu, limewapita watoto wa majimbo ya bluu yanayotumia fedha nyingi zaidi kwa kila mwanafunzi. Hiyo ni kazi ya serikali ya kihafidhina, na ni kazi ya heshima.

Kisha Agosti 2025 idara ya afya ya jimbo hilo hilo ikatangaza dharura. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimefika 9.7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, karibu mara mbili ya wastani wa nchi. Mississippi ni miongoni mwa yale majimbo 10 yaliyokataa kupanua Medicaid, maana yake mwanamke maskini mara nyingi huingia kwenye ujauzito bila kuwa amemwona daktari kwa miaka. Presha na kisukari hugunduliwa akiwa tayari ana miezi mitano. Jimbo limejua namna ya kumfundisha mtoto wa miaka minane kusoma. Wa siku nane linampoteza.

Nikiulizwa nipime, napima hivi. Kosa la majimbo ya bluu linaweza kurekebishwa ndani ya maisha ya mtu: nyumba ikijengwa, anaingia. California yenyewe imeanza, ingawa imechelewa. Juni 2025 ilipunguza makali ya ile sheria ya 1970 kwa nyumba za mijini. Kosa la majimbo mekundu hulipwa kwa kitu kisichorudi. Na wapiga kura wa majimbo hayo wanalijua hilo kuliko wabunge wao. Florida ilipomchagua Trump mwaka 2020, siku hiyo hiyo asilimia 61 hivi walipitisha kima cha dola 15. Oklahoma, Missouri, Nebraska, Idaho, Utah na South Dakota, wote ni wekundu, walipanua Medicaid kwa kura ya wananchi baada ya wanasiasa wao kukataa. Sheria ya Washington iliyosainiwa Julai 2025 inapunguza fedha za Medicaid na kuweka masharti ya kazi, kwa hiyo hata walichokipata kwa kura kinaanza kumegwa.

Mahali ninapopaona pamekaribia kuvishika vyote viwili ni Minneapolis. Desemba 2018 jiji lilifuta sheria ya mitaa ya nyumba za familia moja tu, likaruhusu maghorofa kando ya barabara za mabasi. Kati ya 2017 na 2022 nyumba ziliongezeka kwa asilimia 12 na pango likapanda kwa asilimia 1 tu, wakati kwingineko Minnesota lilipanda kwa asilimia 14. Jimbo lilipanua Medicaid, na tangu 2023 kila mtoto hula shuleni bila kulipa. Wakenya wamejaa huko kwa miaka mingi.

Nilimwambia dada hayo yote usiku ule, vitunguu vikiwa vimeshageuka mchuzi. Shemeji aliingia kutoka kazini, akanawa mikono, akasikiliza akiwa amesimama.

"Shemeji, hapa watoto wana vyumba vyao," alisema. "Sirudi kulala watano."

"Na kifua?" dada akamuuliza.

Hakujibu. Alifungua mlango wa nyuma, tukasikia bomba likifunguliwa, akaanza kumwagilia mpekani gizani. Dada aliichomoa bili chini ya nanasi, akaandika tarehe ya malipo ya mwezi ule kwa kalamu ya mtoto, akairudisha pale pale, akaniuliza baridi ya Minnesota huanza mwezi gani.